Daftari la malengo la Sh 12,000 na kibubu cha Sh 6,000: mwaka mzima na wanangu wawili

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala. Desemba kwangu ni mwezi wa sare. Kuanzia katikati ya mwezi mpaka shule zifunguliwe wiki ya pili ya Januari nashona sketi za bluu, kaptula za kaki na mashati meupe, na usiku wa mwaka mpya hunikuta kwenye cherehani. Miaka yote wanangu walikuwa wanaingia darasa jipya bila mimi kukaa nao chini hata nusu saa kuwauliza mwaka huu wanataka nini. Jambo hilo lilikuwa linaniuma, na Desemba 2024 nikaamua haliendelei.

Siku niliyokwenda Kariakoo kuchukua vitambaa, nilipita duka moja la vifaa vya shule nyuma ya Mtaa wa Kongo. Nikaona daftari la malengo la watoto, jalada gumu la rangi ya machungwa, lina picha ya mtoto anapanda ngazi. Muuzaji alianzia 15,000, tukaishia 12,000. Wiki hiyohiyo, huku kwetu, nikanunua kibubu cha mbao kwa seremala wa barabarani kwa 6,000. Daftari la binti yangu, miaka kumi, aliyekuwa anaingia darasa la nne. Kibubu cha mdogo wake, miaka sita, darasa la kwanza. Sasa mwaka umekwisha, na kwa kuwa najua wazazi wengi wanavizungukia vitu hivi madukani kipindi hiki, naandika nilichokiona.

Nianze na utengenezaji, maana hapo ndipo jicho la fundi linapokwenda kwanza. Karatasi ni nzuri, nzito, wino haupenyi upande wa pili. Jalada limestahimili chai, mafuta ya nazi na begi la shule. Lakini mgongo umebandikwa kwa gundi tupu. Haukushonwa hata kidogo. Daftari ambalo mtoto analifungua kila siku haliwezi kukaa kwa gundi, na katikati ya Februari kurasa za Januari zilianza kutoka mojamoja. Nikaazima msharasi kwa fundi viatu wa jirani, nikatoboa matundu saba kwenye mgongo na kupitisha uzi wa nailoni, kwenda na kurudi. Tangu siku hiyo halijapoteza ukurasa. Mtengenezaji kama anasoma hapa, tafadhali, ashone. Uzi hauzidi shilingi mia mbili kwa daftari moja.

Nyota za kubandika ziliisha mwezi wa nne, binti akawa anachora za kwake kwa penseli, na hazikuwa na upungufu wowote. Kurasa za likizo zimekaa ovyo: kuna likizo ndefu imewekwa Agosti, wakati watoto wetu wanafunga Juni na Desemba. Ukurasa wa Desemba una picha ya theluji. Mambo hayo madogo nayapita.

Kitu kikubwa ni ukurasa wa kwanza. Una mistari kumi ya malengo ya mwaka, na mtoto akiona mistari kumi anaijaza yote kumi. Usiku wa tarehe 1 Januari binti alikaa mkekani chini ya taa, ulimi nje, akaandika. La kwanza: Nitakuwa wa kwanza darasani. La pili: Nitahifadhi sura zote za Juzuu Amma. La tatu: Nitaongea Kiingereza. Likafuata la kuosha vyombo kila siku, la kutogombana na mdogo wake, la kusuka, la kuamka alfajiri, na mengine. Nilifurahi kweli. Nikasaini pale palipoandikwa mzazi asaini.

Mwisho wa Januari wakafanya jaribio. Darasa lao lina watoto zaidi ya tisini. Mwaka uliotangulia alikuwa wa thelathini na moja. Safari hii akawa wa kumi na nne. Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Yeye alifungua daftari, akatazama kile kisanduku cha kupaka rangi mbele ya lengo la kwanza, kisanduku ambacho kinataka ndiyo au hapana, akalifunga. Wiki nzima hakuligusa.

Hapo ndipo nilipoona kosa, na kosa lilikuwa langu pamoja na la daftari. Nilipokaa naye nilimuuliza, hiyo nafasi ya kwanza mtu anaipataje? Akasema, "Nikiwapita wote, mama." Nikamwambia, na wenzako nao wakisoma zaidi yako? Akanyamaza. Lengo lake lilikuwa mikononi mwa watoto tisini wengine. Angeweza kusoma vizuri kila siku ya Mungu na bado kisanduku kikabaki cheupe. Nikamuuliza tena: kesho asubuhi ukiamka, ni kitu gani unaweza kukianza mwenyewe bila kumsubiri mtu? Alifikiri kidogo, akasema, "Tebo ya saba."

Basi tukaanza na tebo ya saba. Mimi nashona, yeye amesimama pembeni ya cherehani kashika meza. Kila nikifika mwisho wa mshono, kabla sijakata uzi, namuuliza moja. Saba mara sita? Arobaini na mbili. Nageuza kitambaa, nashona upande wa pili. Saba mara nane? Kimya. Anaangalia dari, midomo inacheza, anahesabu kutoka arobaini na mbili kwenda juu. Hamsini na sita! Nakata uzi. Ile saba mara nane ilimsumbua siku tisa, nakumbuka kwa sababu aliandika kila siku. Siku ya kumi aliijibu kabla sijainua mguu kwenye pedeli, na alivyocheka nikajua tumepata njia.

Kati ya yale kumi tukabakiza matatu, mengine tukayapigia mstari kwa penseli kama kitu kilichoahirishwa. Tebo ya 7, 8, 9 na 12 kabla ya mwezi wa nne kwisha. Sura 22, kuanzia An-Nas mpaka Adh-Dhuha, kabla ya Ramadhani. Na kusuka nywele mtindo wa twende kilioni. Hili la tatu lilitoka kwake kabisa, mimi nisingelifikiria, na ndilo alilolifanyia kazi bila kukumbushwa hata mara moja.

Sura hazikutimia kwa tarehe. Ramadhani ilipoanza mwanzoni mwa Machi alikuwa na sura kumi na saba, na ustadhi wake alimsifu. Daftari halikuwa na pa kuandika habari kama hiyo. Lina "nimefanikiwa" na "sijafanikiwa", basi. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko la gundi. Mimi ninaposhona sketi ya shule naacha pindo la inchi tatu ndani, kwa sababu najua mtoto atakua kwa kasi yake na si kwa kasi ya kalenda. Juni mama mtu anairudisha, nafumua, nateremsha. Lengo la mtoto nalo linahitaji pindo. Nikachora mwenyewe pembeni ya ukurasa safu ndogo nikaandika "tarehe mpya", tukaweka Idi. Usiku wa kuamkia Idi alimsomea baba yake Adh-Dhuha tangu mwanzo mpaka mwisho, amefumba macho.

Sasa niseme kilicho kizuri, maana kipo na ndicho kilichonifanya niandike. Ni ukurasa wa wiki. Una sentensi nne za kumalizia: Wiki hii nimejaribu… Kilichonishinda… Aliyenisaidia… Wiki ijayo nitaanza na… Sijui nani alizitunga, ila ni mtu anayewajua watoto. Hazimuulizi mtoto kama ameshinda. Zinamuuliza amefanya nini, na zinampa ruhusa ya kusema kilichomshinda bila kuona aibu.

Majibu ya mwanzo yalikuwa mafupi. "Kilichonishinda: kuamka. Aliyenisaidia: jogoo wa mama jirani." Lakini kadiri wiki zilivyokwenda alianza kuandika mambo ambayo mdomoni hayakuwahi kutoka. Mwezi wa tano, Jumapili moja jioni, nilisoma hivi: "Kilichonishinda: kunyoosha mkono. Nikikosea wananicheka." Nilikaa na daftari lile mapajani muda mrefu. Mtoto huyu nyumbani ni msemaji, anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Kumbe darasani ana jibu na anakaa nalo. Nisingejua. Ripoti ya shule ingeniambia alama tu.

Kesho yake nilikwenda kuonana na mwalimu wake, nikamwomba kwa adabu, na yeye akalipokea vizuri. Akamhamishia dawati la pili kutoka mbele na kuongea na darasa. Na kwenye daftari, lile la "wiki ijayo nitaanza na", binti akaandika: kunyoosha mkono mara moja, siku ya Jumatano. Mara moja tu, na siku yake imetajwa. Jumatano ile alirudi mbio, hata shikamoo hakunipa, akaniambia, "Mama, nimenyoosha! Nimekosa, lakini mwalimu amesema jaribu tena." Kama daftari zima lingekuwa na ukurasa ule mmoja tu, bado ningelipa elfu kumi na mbili.

Ukurasa nisioupenda ni ule wa katikati ulioandikwa "Matarajio ya mzazi". Nusu ukurasa, mistari mitupu. Januari niliujaza: awe na bidii, awe daktari, asitusahau. Niliandika kwa mapenzi. Siku chache baadaye akaniuliza akiwa anakunja nguo, bila hata kunitazama, "Mama, nisipokuwa daktari utakasirika?" Mtoto wa miaka kumi, na mimi mwenyewe ndiye niliyempa mzigo ule akalala nao. Nilibandika karatasi nyeupe juu ya maandishi yangu nikamwambia aandike yeye anachotarajia kutoka kwangu. Aliandika mstari mmoja: "Mama asishone Jumapili jioni." Nimeutimiza tangu Februari mpaka Novemba, na ndiyo maana ukurasa wa wiki tuliweza kuusoma pamoja kila Jumapili. Kwa mzazi anayenunua: ugeuze ukurasa huu hivyohivyo, utajifunza kitu.

Kibubu sasa. Mtoto wa darasa la kwanza bado anapambana na kusoma, kuandika na kuhesabu. Kumpa daftari la malengo ni kumpa mtihani mwingine. Yeye alitaka mpira, ule wa kweli, unaoshonwa, siyo wa makaratasi na kamba wanaochezea uwanjani. Tukakata picha ya mpira gazetini tukaibandika kwenye kibubu. Anapewa shilingi mia tano ya shule, akiona vema anaweka mia. Hakuna aliyemlazimisha. Siku nyingine aliila yote, na jioni alikaa na kibubu chake akikitikisa kusikia kama kimeongezeka.

Hapo ndipo kibubu kinapokipita kitabu chochote kwa umri ule: lengo lina uzito. Linasikika. Mwezi wa kwanza lililia kwa sauti nyembamba, mwezi wa sita sauti imekuwa nzito, na mtoto asiyeweza kusoma anajua kabisa kwamba amesogea.

Kasoro yake nayo niitaje. Kilipigiliwa misumari pande zote, hakina mlango, ni cha kuvunja. Sasa babu yake alipokuja kutoka Kilwa mwishoni mwa 2024 alikuwa amempa noti tano za mia tano, zile za karatasi alizozihifadhi miaka, na mtoto akazitumbukiza zote siku ya kwanza. Halafu Benki Kuu ikawa imetangaza noti za zamani, pamoja na ile ya mia tano, zibadilishwe benki kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hazitumiki tena. Mimi nilikumbuka katikati ya Machi, nikiwa nasikiliza redio. Elfu mbili na mia tano za mtoto zilikuwa ndani ya sanduku lisilofunguka.

Ilibidi tuling'oe kwa bisibisi. Alilia sana, alidhani mpira wake ndiyo umekwisha. Nikaenda naye benki akiwa ameshika bahasha mwenyewe, akafika dirishani huku amesimama kwa ncha za vidole, na yule dada akamhesabia sarafu tano za mia tano moja baada ya nyingine. Alizirudisha kwenye kibubu kwa mkono wake. Seremala akatuwekea kimlango kidogo chini, skrubu mbili, kwa 1,500. Kwa hiyo ukinunua, nunua chenye kimlango cha skrubu tangu mwanzo, na mfundishe mtoto aweke sarafu. Usichukue chenye kufuli na ufunguo. Ufunguo unamshawishi mtoto, na unamshawishi mzazi zaidi.

Hili la mzazi nalisema kwa sababu lilinitokea. Mwezi wa sita kazi zilikuwa chache, asubuhi moja sikuwa na nauli. Mkono ulikwenda kwenye bisibisi, nikaurudisha. Nikamwamsha nikamwomba mkopo wa elfu moja. Alifikiri, akasema mia tano. Nikachukua mia tano, nikamrudishia Ijumaa mbele ya dada yake. Najua nyumba ambazo vibubu vya watoto vimefunguliwa usiku na watu wazima, na watoto wale hawaweki tena, si hela tu, hata neno la "mwaka huu nataka". Ukimwambia mtoto aweke lengo, kisha ukalila lengo lake, hutampata mwaka unaofuata.

Tarehe 14 Desemba, Jumapili, tulifungua. Tulimwaga mkekani, akazipanga mwenyewe mafungu manne, za hamsini, mia, mia mbili na mia tano. Dada yake alihesabu kwa tebo, na hapo niliiona tebo ya tano na ya mbili ikifanya kazi nyumbani. Jumla ilikuwa 18,650. Mpira dukani ulikuwa 20,000. Nilikuwa tayari kuongezea lakini nikajizuia, nikamwacha. Akamwambia muuzaji, "Shikamoo mjomba. Mimi nina hizi, nimeweka mwaka mzima," akamfungulia mfuko wa sarafu. Wakamalizana kwa 17,000. Chenji yake, 1,650, imerudi kwenye kibubu, na kwenye kibubu tayari kuna picha ya viatu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayejiuliza kama anunue. Daftari ni zuri kwa mtoto anayeweza kuandika sentensi zake, tuseme kuanzia darasa la tatu, na kwa mzazi mwenye robo saa ya uhakika kila wiki. Kama hiyo robo saa huna, hela yako ihifadhi, kwa sababu daftari peke yake halifanyi kitu. Nina mteja alilinunua siku moja na mimi na la mtoto wake liko jeupe mpaka leo. Usilipe zaidi ya 12,000. Na kama hata hiyo ni nzito Januari hii yenye sare, michango na madaftari, chukua kaunta buku ya kwaya mbili, andika zile sentensi nne juu ya kila ukurasa kwa mkono wako, utakuwa umepata sehemu bora ya kitabu kizima. Kibubu nakipendekeza kwa kila mtoto mwenye umri wa kujua mia na mia mbili.

Binti alifanya upimaji wa darasa la nne Oktoba. Kusuka twende kilioni anakuweza. Mistari yake ya kwanza, mwezi wa tatu, ilikuwa inapinda nusu ya kichwa, na mtoto wa jirani aliyekubali kusukwa alivumilia mengi. Sasa mama yake anamleta mwenyewe kila Jumamosi.

La mwaka 2026 nimeshalinunua, duka lilelile, bado limebandikwa kwa gundi. Nimelishona mgongo kabla sijampa. Kwenye ukurasa wa mistari kumi nimefunika mistari saba kwa karatasi.